Waliorudi Bonde la Lukuledi

(Hotuba kwa akina mama wa WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, na vijana, ukumbi wa parokia, Lindi mjini. Imeandikwa kutokana na sauti iliyorekodiwa.)

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, masista wetu, mwenyekiti na viongozi wa WAWATA, mama zangu, dada zangu, akina baba mliothubutu kuja kwenye mkutano wa akina mama, na nyinyi wanangu mliojibanza huko nyuma karibu na mlango. Nimewaona pia majirani zetu Waislamu. Asalaam aleikum. Karibuni sana, haya ni mambo yenu pia, maana baadhi yenu mmepokewa duniani na mikono ya hao hao ninaokuja kuwasema.

Barua niliyoandikiwa ilinitaka niongee juu ya masista waliouawa huku kusini wakati wa vita vya Maji Maji. Nitawataja, tena kwa majina, kwa sababu tumezoea kumtaja Askofu Cassian Spiss halafu tukasema "na wenzake". Lakini sitakaa sana hapo. Mimi ni mkunga mstaafu, umri wangu wa kazi nimeumalizia kati ya masista, na nikisema kweli waliouawa nawaheshimu, ila walionishangaza ni wale waliorudi.

Tuanze na kujua ni akina nani. Masista Wabenediktini Wamisionari, wengine huwaita masista wa Tutzing, kwa sababu nyumba yao mama ilihamia mji huo wa Bavaria, Ujerumani, mwaka 1904. Chanzo chao ni padre Mswisi, Andreas Amrhein, mtawa wa abasia ya Beuron. Huyu alikuwa na wazo ambalo wakubwa wake waliliona halikai sawa. Mbenediktini anaweka nadhiri ya kudumu: anaingia jumuiya moja na kufia humo. Mmisionari ni mtu wa safari. Sasa utamtoaje mtu aliyeapa kubaki umpeleke Afrika? Amrhein hakukata tamaa. Mwaka 1884 akaanza Reichenbach, na mwaka 1885 wakajiunga wanawake wanne wa kwanza. Mwaka 1887 wakahamia Emming, mahali tunapopajua leo kama St. Ottilien, na kabla mwaka haujaisha kundi la kwanza likawa ndani ya meli kuja pwani yetu, mabruda na masista pamoja. Fikirini shirika lenye umri wa miaka miwili, masista wenyewe bado wanajifunza namna ya kuwa masista, wanapelekwa mahali ambapo hata namna ya kuomba maji hawaijui.

Walifika Dar es Salaam mapema mwaka 1888, wakajenga Pugu, wakawa wanalea watoto waliokombolewa utumwani. Haikupita muda. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ikavamiwa. Wakauawa mabruda wawili na sista mmoja, Martha Wansing. Wengine wakachukuliwa mateka, wakakombolewa baadaye. Huyo Sista Martha ndiye wa kwanza wao kuuawa huku kwetu. Na ninyi mliosoma historia ya viongozi wetu mnajua kwamba Pugu hiyo hiyo baadaye ilikuwa na shule ambayo Mwalimu Nyerere alifundisha, na Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso, akatoka Ndanda na Kigonsera akaenda kusoma huko. Hilo nimelisema pembeni tu.

Huku kwetu walikuja kwa bonde la Lukuledi. Misheni ya Lukuledi ilianzishwa 1895, Nyangao 1896. Ukitoka hapa Lindi kwa basi la Masasi, ukaacha Mnazi Mmoja, ukapita Mtama, unafuata njia yao ile ile, tofauti ni kwamba wao walitembea kwa miguu na mizigo ilibebwa na wapagazi.

Kisha ikaja 1905. Hapa naomba tusidanganyane. Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilianzia Umatumbi, na vilikuwa na sababu. Watu walilimishwa pamba kwa nguvu, walitozwa kodi, walichapwa viboko. Kwa macho ya mtu aliyetoka kuchapwa, Mjerumani wa boma na Mjerumani wa misheni walikuwa Wajerumani, basi. Mmisionari anaweza kuwa alikuwa na moyo mwingine, lakini alikuja kwa meli ile ile, chini ya bendera ile ile, na siku ya vita alikimbilia boma lile lile. Waliouawa walikuwa watu wa Mungu. Waliowaua walikuwa babu zetu. Sisi tuliokaa ukumbini humu ni wajukuu wa wote wawili, mmoja kwa damu na mwingine kwa ubatizo, na sioni haja ya kumkana yeyote.

Askofu Cassian Spiss alishuka Kilwa akielekea Peramiho. Alikuwa na mabruda wawili, Gabriel Sonntag na Andreas Scholzen, na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Tarehe 14 Agosti 1905, mkesha wa Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, wote watano waliuawa Mikukuyumbu, huko Liwale, mkoani kwetu. Wiki mbili hivi baadaye vita vikashuka bonde la Lukuledi. Lukuledi na Nyangao zikateketezwa. Watu wa Nyangao walipokimbia, Sista Walburga Diepolder akapotezana na wenzake, akauawa.

Felicitas, Cordula, Walburga. Mkienda kuombea marehemu, mwombeeni kila mmoja kwa jina lake.

Hospitali ya Nyangao leo inaitwa kwa jina la Mtakatifu Walburga, na wengi wetu tumelazwa pale bila kujua huyo mtakatifu ni nani. Alikuwa mtawa wa Uingereza, wa karne ya 8, akavuka bahari kwenda Ujerumani, wakati Wajerumani wenyewe ndio wanahubiriwa, akawa abesi, yaani mkuu wa monasteri, huko Heidenheim. Kwa hiyo hao Wajerumani nao waliwahi kuletewa masista na wageni. Napenda kuwakumbusha hilo wazungu wachache ninaokutana nao, na wao hucheka.

Baada ya vita ikaja njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ili watu wasalimu amri, na waliokufa kwa njaa na maradhi ni wengi mno kuliko waliokufa kwa risasi. Wataalamu wanataja watu 75,000, wengine wanafika hadi 300,000. Bibi yangu alisimuliwa na mama yake jinsi watu walivyoingia porini kuchimba ming'oko, mizizi ya kula, mpaka ming'oko yenyewe ikawa inagombewa.

Ni katika hali hiyo, mwaka 1906, ndipo misheni ya Ndanda ilipoanzishwa, chini ya uwanda wa juu wa Wamakonde, kwenye chemchemi ambazo hadi leo zinatupatia maji. Masista nao wakarudi bonde la Lukuledi. Mimi hapa ndipo huwa nasimama. Ukiwa Tutzing, barua imefika kwamba wenzako watatu wameuawa, mmoja porini peke yake, halafu Mama Mkuu anauliza nani yuko tayari kwenda, nawe unainua mkono. Unakwenda kukaa na watu ambao wamefiwa kuliko wewe. Wanakuangalia na wanajua kijiji chao kilichomwa na nani.

Hawakurudi na hotuba. Walirudi na uji, vidonda na watoto wachanga. Mwenye kidonda ndugu haulizi kwanza sera ya gavana.

Wakaondolewa tena. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika huku, mwezi Oktoba 1917 pale Mahiwa, karibu na Nyangao, yalikuwa mapigano makali kuliko karibu yote ya Afrika Mashariki, na waliokufa wengi walikuwa askari na wapagazi Waafrika waliopelekwa kuuana kwa ajili ya ugomvi wa Ulaya. Waingereza waliposhinda, wamisionari Wajerumani wakafukuzwa nchini. Waliobaki kushika dini ni makatekista wetu na akina mama waliokuwa wakiwafundisha watoto sala jikoni. Miaka ya 1920 Wajerumani wakaruhusiwa kurudi, na masista wakarudi. Mara ya pili hiyo. Ile nadhiri iliyowasumbua wakubwa wa Amrhein, nadhiri ya kudumu, nafikiri huku ndiko ilikoeleweka.

Sasa niingie kwenye yale ninayoyajua kwa mikono yangu.

Kati ya waliokuja miaka hiyo ya 1920 alikuwepo Sista Thekla Stinnesbeck, daktari. Ndanda ikapata daktari mwanamke, mtawa, wakati ambao hata Ulaya mwanamke daktari aliangaliwa kwa jicho la pembeni. Na Kanisa lenyewe lilikuwa halijafungua mlango sawasawa. Kazi ya kuzalisha ilihesabiwa haimfai mtawa mwenye nadhiri ya useja. Walioelewa ubaya wa mawazo hayo ni wale waliokuwa misioni, wakiona akina mama wanakufa na hakuna mwanaume anayeruhusiwa kuingia chumbani. Tarehe 11 Februari 1936 Roma ikatoa maelekezo kwamba masista wasomee udaktari, uuguzi na ukunga, na wahudumie akina mama wanaojifungua. Mama zangu, hiyo tarehe ingekuwa yangu ningeiwekea misa ya shukrani kila mwaka. Asilimia kubwa ya kazi yangu yote ilipita katika mlango huo uliofunguliwa.

Huku kwetu mambo ya uzazi ni ya wanawake peke yao, ndivyo tulivyofundwa unyagoni. Mganga mwanaume angekaa nje mpaka asubuhi. Sista aliingia. Mwanzoni wakunga wa jadi walimwangalia kwa mashaka, binti mtu mzima ambaye hajazaa anakuja kumwongoza mzazi! Na wala hawakukosea kushangaa. Lakini sista alikuwa na subira ya kukaa usiku kucha akimsugua mama mgongo, na watu wa kusini tunamwamini mtu anayekaa. Baadaye ikaja ile nyumba ya kusubiria wajawazito, wengi tunaiita chigonela, mama mwenye hatari anatoka kijijini wiki kadhaa kabla na chungu chake na unga wake, anapika, anasuka ukili, anasubiri siku yake akiwa karibu na wodi.

Ngoja niwaonyeshe kitu kimoja, vijana wa uuguzi mliopo mtanisaidia kucheka. Siku hizi glavu unavaa, unatupa. Sisi tulikuwa na glavu za mpira mnene, na glavu ilikuwa mali. Ukimaliza kuzalisha unaiosha ikiwa bado mkononi, unaivua, unaiosha tena kwa sabuni ndani na nje. Unaijaza maji, unaikunja mdomo, unaminya, unatazama kila kidole kama kinavuja. Yenye tundu inawekwa kando kwa kazi za usafi. Nzima inaanikwa kivulini, upande mmoja, kisha inageuzwa ikauke upande wa pili. Halafu poda. Halafu unazipanga jozi kwa jozi, kulia na kushoto, saizi saba na nusu na saizi saba na nusu, unazifunga kwenye kitambaa na kuzipeleka kwenye mashine ya mvuke.

Sista aliyenifundisha kazi alikuwa mzee, mkali, Kiswahili chake kina lafudhi ya kwao na maneno ya Kimwera. Siku moja nilizirundika tu glavu bila kuzipanga. Hakunigombeza. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kuzipanga mwenyewe moja moja, na huku midomo inacheza, anasali. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 31, inamtaka mtunza stoo wa monasteri aviangalie vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Kwake yeye koleo la wodini na kalisi ya misa vilitunzwa kwa moyo ule ule. Na sura ya 36 inasema wagonjwa watangulizwe kuliko vyote, wahudumiwe kama Kristo mwenyewe. Nimeona sista akiacha masifu ya jioni katikati ya zaburi kwa sababu kengele ya wodi imelia. Hakuna aliyemshangaa.

Kulikuwa na kazi nyingine ambazo hazipigiwi picha. Pale Mwena, karibu na Ndanda, kulikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma, enzi ambazo mgonjwa wa ukoma alitengwa hata na watoto wake. Masista walifunga vile vidonda mwaka nenda mwaka rudi, kabla dawa za kuponya hazijafika. Sitaongeza neno hapo.

Nina lawama pia, na masista waliopo watanisamehe, tumezoeana. Kwa muda mrefu mno shule za wasichana za misheni zilifundisha kushona, kufua, kupika na kupiga pasi, kwa hesabu kwamba msichana wetu ataolewa na mwalimu au katekista. Sikatai, mimi mwenyewe nashona. Lakini kaka yetu alifundishwa jometri na sisi tukafundishwa kudarizi vitambaa vya meza, wakati nyumbani hatukuwa na meza. Mambo yamebadilika, mabinti wanasoma sayansi. Yalichelewa.

Na jingine: mabinti wetu walipoanza kutaka utawa, hawakuchanganywa na Wazungu. Walianzishiwa mashirika yao. Kwa upande wa Songea likaanza la Mtakatifu Agnes, Chipole, mwaka 1938, na kwetu tuna masista wa Mama Maria Msaada wa Wakristo, Ndanda. Watu wanabishana kama ulikuwa ubaguzi au busara. Mimi naona vyote viwili vilikuwemo. Kwa bahati njema mashirika hayo yalikua, yakasimama yenyewe, yakapata viongozi wao. Baadaye na wale wa Tutzing wakapokea Watanzania, na leo ukienda kwao utakuta Wazungu ni wachache na kazi iko mikononi mwa watoto wetu.

Wanangu wa nyuma, hapa msikilize vizuri kwa sababu mtu huwa anaingia bila kuuliza. Shirika la kimisionari maana yake unaweza kutumwa. Masista hawa wako Brazili tangu 1903, Ufilipino tangu 1906, Korea tangu 1925, na kwingine. Binti wa Nachingwea anaweza kupewa barua ya kwenda nchi ambayo hajui hata iko upande gani. Ukitaka kuhudumia jimbo lako na kubaki karibu na kwenu, yapo mashirika ya jimbo, na si ya daraja la chini. Utakaa kwanza kama mtakaji, kisha upostulanti, kisha unovisi, hizo zote ni hatua za malezi, kisha nadhiri za muda, ndipo za daima. Inachukua miaka. Hakuna anayekufungia mlango, na kurudi nyumbani katikati si aibu, ingawa majirani watasema. Mshahara ukipewa unakwenda kwenye jumuiya. Simu utakuwa nayo, ila haitakuwa yako hivyo unavyofikiri.

Hilo ndilo rahisi. Gumu liko kwa wajomba.

Wageni wakija kuandika juu ya miito hapa kusini wanadhani kikwazo ni mahari, kama walivyosikia kwingine. Sisi Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo unapita kwa mama. Kijana wa kiume akiwa padre, ukoo haujapungukiwa kitu, maana watoto wake wangekuwa wa ukoo wa mkewe. Binti akiwa sista, tawi limekatwa. Ndiyo maana mnaona familia inampigia vigelegele padre na kukunja uso kwa sista. Wamisionari wa mwanzo walihangaika na baba wa binti, wakampa zawadi, akakubali, kisha wakashangaa ndoa imepangwa na mtu wasiyemjua. Baba hakuwa na neno la mwisho. Mwenye neno alikuwa mjomba.

Nilikuwepo siku mzee mmoja alipokuja nyumba ya masista kumdai mpwa wake. Alivaa kanzu safi, kofia mkononi, na alikuja na mashahidi. Akaletewa chai na mihogo, hakugusa. Akasema kwa adabu kabisa: "Sista, mimi sina ugomvi na Mungu. Dada yangu alizaa wavulana wanne na huyu mmoja. Nyinyi mmemchukua huyu mmoja. Mimi nikifa, nani ataitwa kwa jina la nyumba yetu?"

Sista mkuu wa nyumba alikuwa mwanamke wa huku huku. Hakumsomea Injili. Alimjibu, "Mjomba, umesema kweli," akanyamaza. Chai ikapoa. Kisha akamwambia binti arudi nyumbani mwaka mzima, alime na wenzake, amuuguze bibi yake, na akili ikiwa ile ile aje na mjomba wake, wala asije bila yeye. Baadhi ya masista walinung'unika, wakaona binti amepotea. Msimu wa korosho uliofuata mzee alirudi naye. Hakuwa na furaha, tusipambe. Alisema tu kwamba amechoka kumsikiliza anavyoimba zaburi shambani. Nadhiri za kwanza hakuhudhuria. Za daima alikuja na lori zima la ndugu, akakaa mbele.

Nimeulizwa na mwenyekiti niseme pia juu ya malalamiko kwamba hospitali za misheni ni ghali. Nijibu kwa kifupi: ni kweli zinatoza, na mtu maskini anaumia. Zamani dawa na fedha zililetwa na wafadhili wa Ujerumani na Uswisi, wafadhili hao wamezeeka, na wauguzi lazima walipwe. Tukitaka hospitali zile ziendelee kumpokea asiye na kitu, basi sisi wa hapa ndio wafadhili sasa. WAWATA mnao mfuko. Mwenyekiti asinitazame hivyo, ameuliza mwenyewe.

Masista wawili mliowaona wameketi hapa mbele wamekubali kujibu maswali, nami nitasaidia ya wodini. Nimeambiwa tuna nusu saa. Mabinti najua mtauliza ya kwenu pembeni baadaye. Naomba tuanze na wajomba.